Nakala ya Siku Thelathini na Nane

Kwa miaka ishirini na sita Bi Taipu alisimamia chumba cha wapiga chapa katika ofisi moja kubwa, na katika miaka hiyo yote haikutoka barua chumbani mwake ikiwa peke yake. Kila barua ilizaliwa mapacha watatu. Karatasi nzito juu, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni nyingine, karatasi nyembamba tena. Nakala ya juu ilikwenda kwa mwenyewe, ya pili jaladani, na ya tatu, ile hafifu ambayo herufi zake zilikuwa kama zimeandikwa kwa moshi, aliifungia katika kabati lake mwenyewe. Wakubwa walimcheka kwa nakala hiyo ya tatu. Lakini jalada likipotea, mkubwa yuleyule aliyecheka alikuja mlangoni taratibu, akikohoa kidogo, na Bi Taipu akatoa funguo mfukoni bila kusema neno.

Jina hilo alipewa ofisini likamfuata hadi nyumbani. Mume wake naye alikuwa na lake: Bwana Mvua. Alikuwa msoma vipimo katika kituo cha hali ya hewa, uwanja mdogo uliozungushiwa waya, wenye nyasi fupi, kisanduku cheupe cha vipimajoto na mtungi wa shaba wa kukingia mvua. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Jumapili na sikukuu, aliingia uwanjani, akasoma, akaandika. Namba za serikali alizijaza kwenye fomu za idara. Lakini alikuwa na daftari lake la nyumbani pia, na humo aliirudia mvua ya siku kisha akaongeza sentensi moja mbili ambazo idara haikuwa na haja nazo. "Mvua 12.4. Binti kang'oka jino." "Mvua hakuna. Mke wangu kashona pazia, nyumba imekuwa ya watu." Miaka thelathini na moja, madaftari thelathini na moja.

Alipofariki, Bi Taipu alikaa mwaka mzima bila kuyagusa. Mwaka wa pili alipiga moyo konde, akaifuta vumbi kompyuta ambayo binti yake alimwachia, akaanza kuyachapa. Kila mwaka folda yake, kila mwezi faili lake. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Alichapa bila kutazama chini, kidevu juu, kama vile wasichana wake kumi na wawili bado wamekaa nyuma yake wakimwangalia.

Kisha siku moja alifika mahali mume alipoandika: "Mvua 2.0. Chai ya leo haina sukari. Sijauliza." Akaichapa. Akataka kwenda mstari unaofuata, lakini vidole vikaendelea vyenyewe: "Sukari ilikuwepo. Nilikuwa nimekasirika. Ungeuliza." Alitazama maneno yale kwa muda, akacheka peke yake. Hakuyafuta. Tangu siku hiyo akawa anamjibu. Si kila siku, ila mara nyingi, mstari mmoja chini ya mstari wake, na alasiri zikawa zinakwisha hajui zimekwishaje. Mtu angepita dirishani angemwona mjane anayechapa. Yeye alikuwa anapiga soga na mumewe.

Alikuwa amefika daftari la kumi na tatu pale kompyuta ilipozima ghafla na kukataa kuwaka. Aliifunga kwenye shuka, akaibeba hadi kwa fundi, ambaye duka lake lilibanwa kati ya saluni na muuza viatu. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja.

Aliporudi kesho yake, fundi aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni mzima, au ndiyo basi tena?"

"Ni mzima. Lakini diski yake imechoka, nimeibadilisha. Kila kitu nimekitoa salama safari hii. Safari nyingine sitoi ahadi." Akamtazama juu ya miwani. "Nakala yako unaweka wapi?"

Bi Taipu alikuwa ameanza kuikunja ile shuka, akaacha. Kati ya watu wote duniani, swali hilo aulizwe yeye. Alihisi masikio yakipata moto kama msichana aliyekamatwa na mkono uliochafuka wino.

"Sina," akasema.

Fundi hakumcheka. Alimwandikia majina ya programu tatu kwenye kipande cha karatasi, akamwazima na diski ndogo ya nje ya kujaribia. "Ziko za namna mbili, mama, usizichanganye. Kuna ya kusawazisha: kompyuta yako na ya mwingine zinakuwa na kitu kilekile, kikibadilika huku kinabadilika na kule. Na kuna ya kuhifadhi: inachukua nakala ya leo inaiweka kando, na ya kesho, na ya keshokutwa."

"Si yaleyale?"

"Siyo yaleyale," alianza fundi, lakini mteja aliingia na simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, inachuruzika, na maelezo yakaishia hapo.

Bi Taipu hakusononeka. Kazi ya kuchagua aliijua. Enzi zake kila msichana aliyeomba kazi alipewa ukurasa mmoja wenye mitego kumi na saba, na aliyenasa zaidi ya miwili alishukuriwa kwa upole na kuonyeshwa mlango. Alifika nyumbani, akatengeneza folda ya majaribio, akatia humo barua za uongo na orodha za uongo, akaziita zile programu kwenye usaili, moja moja.

Wa kwanza alikuwa na maneno mengi. Kabla hajafanya lolote alitaka barua pepe, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, akaomba ruhusa ya kuona picha zote, na kila dakika tano aliibuka kwenye kona ya kioo kumkumbusha mwenye nyumba kuwa yupo. Bi Taipu alimtoa kabla ya chakula cha mchana.

Wa pili alikuwa yule wa kusawazisha. Huyu alihitaji mtu wa upande wa pili, hivyo akampigia simu binti yake. Binti alikuwa mfamasia katika mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi, na kwa kawaida walizungumza Jumapili, habari za afya, habari za wajukuu, haya mama. Waliunganisha folda ya majaribio, ikafanya kazi, na kwa kuwa ilifanya kazi Bi Taipu akaongeza na folda za madaftari. Alasiri ile alichapa siku nne. Hazikupita dakika mbili simu ikalia.

"Mama, umeandika 'barometa' kwa herufi mbili za r."

"Baba yako ndiye kaandika hivyo. Mimi nanakili tu."

"Na hili la paka kulala ndani ya kofia yake ya kazi?"

"Kweli kabisa. Alikwenda kazini kichwa wazi ili asimwamshe."

Binti alicheka mpaka wenzake dukani wakamuuliza kulikoni. Kuanzia hapo akawa anasoma wakati wa mapumziko yake ya mchana, na simu ya Jumapili ikawa ya kila siku. Nyumba ambamo kwa miaka miwili haikusikika ila saa ya ukutani ikaanza kungoja saa saba na nusu kwa hamu.

Wa tatu, yule wa kuhifadhi, Bi Taipu alimpa jina la Mkimya. Alikuwa na dirisha la kijivu lisilo na pambo, na kila siku saa kumi alasiri taa ya ile diski ndogo ilipepesa kama dakika mbili akinakili kompyuta nzima, ikatulia. Basi. Bi Taipu alimtega kila namna. Alichomoa waya wa umeme katikati ya kazi. Alifuta barua kisha akamdai. Alibadilisha neno moja katika ukurasa wa tisa na kutaka lile la jana yake. Mkimya alitoa kila kitu, herufi kwa herufi, bila kunasa hata mara moja. Lakini hakuleta simu. Hakucheka kuhusu paka.

"Mfanyakazi mzuri," alimwambia binti siku moja, "ila hata salamu hana."

Siku ya Alhamisi, taa ilipomaliza kupepesa, alikata shauri. Wa pili ndiye aliyeajiriwa. Alimwachisha Mkimya kazi kwa heshima, akachomoa diski, akakunja waya wake vizuri, akaitia katika mkoba ili airudishe kwa fundi.

Sasa ni lazima isemwe alikuwa amechapa nini wiki hiyo, maana hapo ndipo penye habari yenyewe.

Alikuwa amefika daftari la kumi na nne, mwaka aliofiwa na baba yake. Siku ya maziko Bwana Mvua alichelewa. Watu walisimama, wakamngoja, wakaacha kumngoja. Alifika mbio, viatu vina nyasi za uwanjani, kwa sababu aliona ni sharti asome vipimo vya saa tisa kwanza. Bi Taipu hakugombana naye. Alirudi nyumbani, akafunga sanduku moja, akaenda kukaa kwa dada yake upande wa pili wa mji. Binti alikuwa na miaka tisa, alibaki na baba kwa sababu ya shule. Siku thelathini na nane.

Daftari liliandika siku zote hizo. "Mvua hakuna. Nyumba kimya." "Mvua 3.2. Binti kauliza mama yuko wapi. Nimesema yuko kwa mama yake mkubwa. Si uongo." "Mvua hakuna. Nimepika. Binti kala. Mimi nimeangalia." "Mvua 41.6. Kubwa. Nani kamshikia mwavuli." Na siku ya thelathini na nane: "Saa tisa: haikusomwa." Hiyo ndiyo siku aliyokuja kwa shemeji yake, akasimama uani saa tisa kamili ya alasiri, kofia mkononi, na Bi Taipu alipotazama saa ya ukutani akaelewa ameletewa nini. Katika miaka thelathini na moja ndicho kipimo pekee ambacho hakikusomwa.

Bi Taipu alimjibu siku zote thelathini na nane, na majibu hayo hakuyaandika kwa mzaha. Chini ya ile mvua kubwa aliandika: "Nilikuwa dirishani kwa dada. Kila ikinyesha nilikuwa nakisia umeandika ngapi. Siku hii nilisema arobaini na mbili. Nilikosea kidogo tu." Chini ya siku ya kumi na mbili aliandika: "Leo nilikwenda kwenye lango la shule, nikampa mtoto karatasi akuletee. Hukujibu. Ndipo nikajua umeridhika na kimya, nami nikaridhika nacho." Alipomaliza siku ya mwisho alijilaza kitandani, mchana kweupe, akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Ijumaa simu ya saa saba na nusu haikulia. Jumamosi na Jumapili vilevile. Alidhani duka lina wateja.

Jumatatu asubuhi alifungua mafaili ya ile miezi miwili ya siku thelathini na nane ili ahakikishe namba moja. Faili lilifunguka, na jicho lake la usimamizi likaona kabla hajasoma: ukurasa ulikuwa mfupi. Mvua zilikuwepo zote, namba chini ya namba. Maneno hayakuwepo. Ya mume hayakuwepo, na yake hayakuwepo. Siku thelathini na nane zilikuwa za hali ya hewa tu.

Alishuka hadi mwisho wa faili, akapanda tena. Maneno ya mume yangeweza kuchapwa upya, daftari lilikuwa pale mezani. Lakini yale aliyomjibu aliyasema mara moja, alasiri zile, na alijaribu kulikumbuka la kwanza akashindwa. Alishika mkoba uleule, akaikumbatia kompyuta, akaenda kwa fundi.

Fundi alichunguza kwa dakika chache. "Haikukosea, mama. Imefanya kazi yake. Yamefutwa upande wa pili siku ya Jumamosi, na huku yakafutika."

"Upande wa pili ni mwanangu."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ina sehemu ya kutunza maandishi ya zamani, lakini ni mpaka uiwashe mwenyewe. Haikuwashwa." Kisha akauliza, "Na ile diski niliyokuazima?"

Bi Taipu alitazama mkoba wake. Alikuwa ameibeba siku nne, kila siku akisahau kuirudisha. Aliitoa na waya wake uliokunjwa vizuri, akiwa na haya kidogo, kama mtu anayemwita tena kazini mfanyakazi aliyemwachisha juzi.

Dirisha la kijivu lilifunguka. Orodha ya tarehe, mstari kwa mstari. Fundi aligusa Alhamisi, saa kumi. Maneno yakatokea.

"Nani kamshikia mwavuli," alisoma Bi Taipu kwa sauti ndogo, na fundi, ambaye hakujua habari yoyote, akageuza uso kwenye rafu.

"Nikiyarudisha kwenye folda ile," alisema baadaye, "na yeye huko atayaona yamerudi. Unataka?"

Bi Taipu alifikiri. Angeweza kuyaficha kwenye diski na kujifanya hakuona kitu. Simu za mchana zingerudi, habari za paka zingeendelea.

"Rudisha," akasema.

Simu haikulia siku hiyo, wala kesho yake. Jumatano mchana mlango ukagongwa, na aliyesimama nje alikuwa binti yake na begi dogo, vumbi la safari kwenye nyusi. Walisalimiana. Bi Taipu alimpa maji, akamketisha, akamwacha anywe. Hakuwa mtu wa kuanza.

"Nilitaka kuyachapisha yawe kitabu," alisema binti. "Cha wajukuu. Nikaona siku zile si za wao kusoma."

"Hizo ni siku zangu na baba yako. Ungeniuliza."

"Najua."

"Na paka umemwacha. Na jino lako umeliacha. Umefuta hizo tu."

Binti alizungusha bilauri mezani. Mwanamke mzima, ana watoto wawili na kazi katika duka la dawa, lakini alikaa kama alivyokuwa akikaa akivunja kitu, magoti pamoja.

"Si kwa sababu ya wajukuu," akasema. "Niliposoma ulichoandika, siku ya kumi na mbili. Mama, ile karatasi haikufika."

Bi Taipu alivuta kiti, akaketi.

"Nilikuwa nimekukasirikia. Uliondoka ukaniacha na baba anayepika wali unakuwa uji, halafu unakuja langoni hunichukui mimi, unanipa karatasi. Niliisoma. Nikashuka mtaroni nikaitupa kwenye maji, nikaisukuma kwa mguu mpaka ikaenda. Kisha nikaogopa. Nilidhani ukirudi utaniuliza. Hukuuliza, na baba hakuuliza, na mimi nikakaa kimya mpaka leo."

Bi Taipu aliinuka, akaenda kwenye kompyuta, akafungua faili la mwezi ule, akashuka hadi siku ya kumi na mbili. Maneno ya mumewe alikuwa ameyachapa mwenyewe bila kuyatilia maanani, kwa haraka ya kufikia jibu lake.

"Njoo usome," akasema.

Binti alikuja akasimama nyuma ya kiti. "Mvua hakuna," alisoma. "Binti karudi shule amechelewa, viatu vimelowa chapachapa. Mvua hakuna mji mzima. Nimeuliza, kasema ni umande. Umande saa kumi."

Kilichofuata wote wawili hawakukitarajia. Bi Taipu alianza kucheka, taratibu, mabega tu kwanza, kisha akashindwa kujizuia, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Umande," alisema. "Ulimwambia umande. Mtu wa hali ya hewa." Binti aliinama akamkumbatia kutoka nyuma, mashavu yakakutana, na wakakaa hivyo muda mrefu.

"Ningeileta," alisema binti, "zisingekuwa thelathini na nane."

"Zingekuwa kumi na mbili." Bi Taipu alipangusa macho kwa ncha ya kanga. Alilipima jambo hilo na halikuwa jepesi. Siku ishirini na sita. Alimwona mume akiangalia mtoto akila, na yeye dirishani akikisia mvua, kila mmoja akidhani mwenzake ameridhika. Kama hasira ilikuwepo, ilikuwa imefika ikiwa imechelewa mno, na aliyeibeba alikuwa mtoto wa miaka tisa. "Ulikuwa peke yako nalo muda wote huo," akasema. "Unakumbuka niliandikaje? Mimi nimesahau."

"Uliandika, 'Njoo unichukue. Hata kama ni saa tisa.'"

Bi Taipu alirudia maneno hayo kimoyomoyo. Aliyaona sasa: kalamu ya dada yake, kipande cha karatasi ya mistari. Kisha akainuka, akampisha binti kwenye kiti.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Ulichoniambia. Chini ya jibu langu. Na utie na maneno ya karatasi, yawe mahali fulani."

Binti alichapa kwa vidole viwili, kama wafanyavyo waliojifunzia kwenye simu, na mama yake alisimama nyuma akijizuia kumsahihisha, akajizuia tena, mwishowe akamwambia aache nafasi baada ya nukta.

Siku iliyofuata walikwenda pamoja kwa fundi. Bi Taipu alinunua diski mbili zilizo kubwa zaidi, akamrudishia ile ya kuazima. Fundi aliwawekea programu zote mbili: ya kusawazisha iendelee kati yao, na ile sehemu yake ya kutunza maandishi ya zamani ikawashwa safari hii, na Mkimya akarudishwa kazini, saa kumi kila siku. Diski ya pili binti alipewa aende nayo kwake, ili nyumba moja ikipata janga nyingine iwe na nakala. "Nakala za kwako usizifute kwa siri," fundi alimwambia kwa utani, bila kujua anamgusa nani, na mama na binti wakatazamana.

Binti alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu. Alikaa tano. Asubuhi alisoma daftari kwa sauti na mama akachapa, kwa sababu macho ya mama yalikuwa yamechoka na mwandiko wa penseli. Daftari la kumi na tano lilikuwa la mwaka wa mvua nyingi. Bwana Mvua alikuwa na furaha mwaka ule na aliandika marefu, mara nyingine nusu ukurasa, juu ya kuku wa jirani, juu ya paa linalovuja, juu ya mke wake anayeimba jikoni akidhani hasikiki.

"Ulikuwa unaimba nini?" aliuliza binti.

"Sikuwa naimba."

"Ameandika hapa."

"Basi aliandika uongo. Endelea. Tarehe tisa."

Binti aliendelea. Mama yake alichapa, kidevu juu, na baada ya mistari michache, pasipo kujua, alianza kuimba kwa sauti ya chini.